Siku za Mbalamwezi

Aliyekulia Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, hahitaji kalenda kujua lini ndagala watapatikana. Uvuvi wetu ni wa taa. Mtumbwi unatoka jioni, taa inawashwa juu ya maji meusi, vidudu vya majini vinaijia, ndagala wanavifuata vidudu, na wavu uko chini unangoja. Mwezi ukijaa, ziwa lote linakuwa taa, na samaki hana sababu ya kuja kwako. Ndiyo maana kila mwezi kuna siku ambazo mitumbwi hulala mchangani, wanaume hushona nyavu, na wamama waanikaji hupumzisha migongo.

Mdogo wangu alizijua siku hizo kuliko mimi. Hakuwahi kuhesabu kupita tatu, lakini usiku akitoka nje kwa haja alitazama juu, na asubuhi alijua kama ni ya kwenda ziwani au ya kulala. Kazi yake ilikuwa kuwatandazia wamama ndagala mchangani, kuwageuza jua likipanda, na kufukuza kunguru. Alilipwa konzi mbili, siku nzuri tatu. Kwa hiyo asubuhi ile ya mwaka 2012, mwezi ukiwa umejaa, nilipomkosa mkekani nikamkuta ufukweni peke yake na kikapu chake, katikati ya mitumbwi iliyopinduliwa, nilipaswa kuelewa. Aliniuliza, "Yaya," yaani mkubwa wake, "watu wako wapi?" Nikamcheka, nikamshika mkono, tukarudi nyumbani.

Mimi ni muganga; ndivyo huku kwetu tunavyomwita muuguzi. Nimechoma sindano na kuzalisha kwa zaidi ya miaka 30, na bado nilicheka. Ilinichukua karibu mwaka mzima kukubali kwamba mtu wa miaka 46 alikuwa ameanza kusahau kama mzee wa miaka 80. Nimetumia muda mwingi tangu hapo kutafuta kwa nini sikuona, na jibu limenirudisha nyuma sana katika historia yetu ya Fizi, huku mashariki ya Kongo.

Alizaliwa Januari 1966 milimani, katika kibanda cha majani. Nilikuwa na miaka 13. Mwaka wa 1964 vita vya Mulele, uasi dhidi ya serikali, vilikuwa vimefika kwetu. Tarehe 28 Novemba mwaka huo mapadri Luigi Carrara na Giovanni Didonè, bruda Vittorio Faccin na abbé Albert Joubert waliuawa Baraka na Fizi, siku moja. Mwaka uliofuata Che Guevara alikaa Kibamba na Wakuba wake kuanzia Aprili, akaondoka Novemba; kabla hajaondoka, mwezi wa Septemba, mamluki wa Mike Hoare walishuka Baraka kwa boti. Sisi tulikuwa tumeshapanda juu. Mama alikuwa na miaka zaidi ya 40 na mimba aliyodhani ni ukomo wa hedhi. Mtoto alitoka mlegevu kama kitambaa kilicholowa, ulimi nje kidogo, macho yamepanda pembeni, na mstari mmoja tu ukikata kiganja chake. Bibi mkunga alimtazama sana kisha akasema atakuwa wa nyumbani. Hakusema atakufa, hakusema amelogwa. Alimaanisha kwamba huyu hataoa wala hatahama. Atakuwa na mama yake.

Mama alimkamulia maziwa kwa kijiko, kwa sababu hakuweza kunyonya kwa nguvu. Aliishi kwa kijiko hicho. Na nitarudi kwenye kijiko.

Nilipokuwa shule ya waganga, miaka ya sabini, nchi ikiitwa Zaire, tulisoma vitabu vya Kifaransa. Katika kimoja palikuwa na ukurasa kuhusu mtoto aliyeitwa mongolien, na picha ya mtoto wa Kizungu, nywele nyeupe, amekaa kwenye kiti. Nilinakili maelezo yote kwenye daftari, nikajibu swali lake kwenye mtihani, nikarudi nyumbani likizo nikamlisha mdogo wangu, wala sikumtambua. Sina fahari na hilo. Lakini kitabu kile hakikuandikwa ili nimtambue.

Jina lenyewe lilitoka kwa daktari Mwingereza, John Langdon Down, ambaye mwaka 1866 aliwapanga watu hawa kwa sura zao na kudai wanafanana na Wamongolia, kana kwamba kabila fulani la watu ni ugonjwa wa kabila lingine. Mongolia yenyewe iliomba Shirika la Afya Duniani liache jina hilo mwaka 1965. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, madaktari wa kikoloni waliamini kwamba hali hii ni adimu sana kwa Mwafrika. Mwaka 1955 Dakta Latimer Musoke, Mganda, pamoja na mwenzake Luder, waliandika kutoka Kampala juu ya watoto Waafrika wenye hali hiyohiyo. Walikuwapo, hawakutazamwa. Hata leo jambo hilo halijaisha: mwaka 2017 Aimé Lumaka na wenzake wa Kinshasa walionyesha kwamba programu ya kompyuta inayosoma sura za wagonjwa ilimtambua mtoto wa Kibelgiji mwenye hali ya Down kwa urahisi kuliko mtoto wa Kikongo, mpaka ilipofundishwa kwa picha za watoto wetu. Niliposoma hayo nililia kidogo. Niliona mimi na kompyuta ile tulisoma shule moja.

Sababu ya hali hii iliandikwa mwaka 1959 na Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin, Paris: katika kila chembe ya mwili mtu huyu ana kromosomu 47 badala ya 46, kwa kuwa ya 21 imekuja mara tatu. Ndiyo maana Wakongo waliosoma husema trizomi 21. Hakuna mzizi, hakuna jicho la jirani, hakuna mzimu uliokasirika. Ni hesabu iliyozidi moja kabla hata mama hajajua ana mimba, na hutokea zaidi kadiri mama anavyokuwa mkubwa; kwa mama wa miaka 40 ni karibu mtoto mmoja kati ya 100.

Sasa lile lililonipita. Mwaka 1949 Lionel Penrose wa London alikadiria kwamba watu hawa huishi wastani wa miaka 12. Marekani, mwaka 1983, wastani ulikuwa 25. Leo katika nchi tajiri ni karibu 60. Karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo, na kabla ya upasuaji na antibiotiki, kifua cha kwanza kikali kiliwachukua. Kwetu Fizi, ambako malaria, kuhara na surua vilichukua hata watoto wenye mioyo mizima, nani angefika miaka 40? Mimi mwenyewe nimezalisha watoto kadhaa wa namna hiyo, na nikikumbuka vizuri, niliwazika karibu wote. Mdogo wangu alibahatika moyo mzima. Alikuwa mzee wa kwanza wa aina yake niliyewahi kumwona, na hakuna bibi aliyeweza kuniambia uzee wa watu kama yeye unakujaje.

Unakuja mapema. Mwaka 1901 mjini Frankfurt, Alois Alzheimer alimpokea mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, aliyekuwa amepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alipokufa mwaka 1906 daktari huyo aliuchunguza ubongo wake akakuta mabaka na nyuzi zilizosokotana. Mwaka 1984, San Diego, George Glenner na Caine Wong walitambua protini iliyomo katika uchafu huo, wakaikuta ni ileile kwenye bongo za watu wenye hali ya Down. Miaka mitatu baadaye ikajulikana kwamba chembe ya urithi inayotengeneza protini mama yake iko kwenye kromosomu ya 21. Mwenye kromosomu tatu za 21 anaitengeneza kupita kiasi tangu kuzaliwa. Akifika miaka 40, mabaka yapo karibu kwa kila mmoja wao. Akifika hamsini na kitu, wengi wameanza kusahau. Na wakiishi vya kutosha, zaidi ya 90 kati ya 100 watapatwa.

Hayo nimeyajua baadaye. Kusahau kwenyewe nilikufahamu tangu utoto.

Babu yangu alisahau. Ilikuwa baada ya uhuru wa 1960, lakini kichwani mwake Mbelgiji alikuwa hajaondoka, na kila jioni alitafuta pesa za kodi. Alizificha chini ya jiwe la moto, kisha akasahau jiwe. Wanaume walimpeleka lubunga, kile kibanda cha wazi ambamo wanaume wa Kibembe hukaa na moto wao, huzungumza, huamua mashauri na kula. Pale palikuwa na nafasi yake. Akiuliza, "Kodi imelipwa?" yeyote aliyekuwepo alijibu, "Imelipwa, mzee." Aliuliza mara 20, alijibiwa mara 20. Sijawahi kumsikia mtu akimwambia kwamba Wabelgiji wameondoka. Wanawake walipeleka chakula hapohapo, na mjukuu mmoja, mara nyingi mimi, alilala mlangoni pa nyumba yake ili akitoka usiku amruke mtu.

Sitaki kuipamba desturi hiyo. Mwanamke mzee aliyesahau hakuwa na lubunga. Akizurura usiku, akizungumza na wafu, aliweza kuitwa mchawi, na katika Kivu yetu wamama wazee wameuawa kwa neno hilo hadi miaka hii ya karibuni. Na kulikuwa na sababu nyingine ya kuficha wagonjwa wa akili. Wakubwa walisimulia ugonjwa wa malale wa mwanzoni mwa karne iliyopita, uliokula pwani ya Tanganyika: mtu alisinzia mchana, akachanganyikiwa, akakasirika bila sababu. Serikali ya wakoloni ilihamisha vijiji kutoka kando ya maji na kuwatia wagonjwa katika lazareti, ambako wengi hawakurudi. Kutoka hapo familia zilijifunza kwamba mwenye kichwa kibovu asionyeshwe kwa mganga wa serikali. Niliikuta hofu hiyo bado hai katika kazi yangu, wajukuu wakinijibu mlangoni kwamba bibi amesafiri, nami nikimsikia bibi akikohoa ndani.

Ile desturi ya lubunga, pamoja na upungufu wake, ilisimama juu ya vitu viwili: watu wengi na mahali pasipobadilika. Mwenye kusahau anatembea kwa miguu yake, si kwa kichwa chake. Miguu inajua mteremko, mwembe, kisima. Na historia ya Fizi tangu 1964 ni historia ya kuondolewa watu kwenye njia zao. Baada ya Mulele yakaja maki, yaani maficho ya waasi wa Laurent-Désiré Kabila, Hewa Bora na milima yake, kwa miaka karibu 20. Oktoba 1996 vita vilipoanza tena tulivuka ziwa usiku kwenda Kigoma, mdogo wangu akiwa amenishika kitenge kama mtoto, naye alikuwa na miaka 30. Tulipelekwa Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka huohuo. Udongo mwekundu, nyumba chini ya shitingi, na hakuna ziwa. Miaka yote tuliyokaa kule alisimama kwenye bomba la maji asubuhi, akatazama ndoo zikijaa, akauliza, "Hili ndilo?" Mama alifia kule. Alimfia mdogo wangu mikononi, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa analala naye.

Kuanzia 2005 meli za HCR, shirika la wakimbizi, zilileta watu kutoka Kigoma mpaka Baraka. Sisi tulirudi 2007. Aliposhuka hakungoja mzigo. Alivua viatu alivyopewa, akaenda moja kwa moja mpaka mahali wamama wanapoanika, akachutama, akaanza kugeuza ndagala za mtu asiyemjua. Miaka 11 haikuwa imefuta njia. Ndiyo maana 2012 ilinishtua: kilichopotea mara hii kilikuwa ndani.

Baada ya siku ile ya mbalamwezi mambo yalikuja taratibu. Kwanza alikuwa mkaidi, yeye ambaye hakuwahi kununa. Kisha akaacha kwenda ziwani kabisa, akakaa ukutani. Nikawaza mambo mengine, na ninawaomba waganga wenzangu wayawaze kabla ya kusema ni kusahau: masikio yaliyoziba, mtoto wa jicho, tezi ya shingoni iliyolala, huzuni ya kufiwa. Watu wenye hali ya Down hupata yote hayo kwa urahisi, na mengi yana dawa. Masikio nilimsafisha. Tezi sikuwa na pa kuipima. Halafu akaanza kuogopa kizingiti. Pale saruji ya ndani inapokutana na udongo wa nje alisimama akainua mguu juu sana, kama anavuka shimo. Macho yalikuwa mazima. Ubongo ndio haukuweza tena kupima kina. Nilipaka kizingiti udongo wa rangi moja na ua, na hofu ikapungua. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nilipiga magoti nikatazama kutoka urefu wake.

Mwaka 2014 kikaja kifafa, karibu kila mara alfajiri, mikono ikiruka kama ya mtu aliyeshtuliwa. Nimejua baadaye kwamba kwa watu hawa ndiyo njia ya ugonjwa wa kusahau. Tulikuwa na fenobarbitali, dawa inayopatikana katika vituo vyetu. Ilituliza mikono lakini ilimzamisha katika usingizi, nikalazimika kuipunguza mpaka tukapata kipimo ambacho angeweza kuamka akanijua. Kiswahili kilimtoka. Alibaki na Kibembe, kisha na Kibembe cha mama tu, maneno ya kitoto, na wimbo mmoja wa kanisani bila maneno.

Nilimjibu kama walivyomjibu babu. "Yaya, mama yuko wapi?" Yuko shambani. Mkubwa mmoja wa kanisa alinikemea kwa uongo huo. Nilimheshimu, lakini nilikuwa nimejaribu ukweli mara moja, na mdogo wangu akaombolezea mama upya, kwa sauti ileile ya Nyarugusu, na kesho yake akauliza tena. Kumfisha mama kila siku si ukweli.

Mwaka 2016 akaanza kupaliwa. Tulikwenda hospitali moja, siitaji, ambako walimtia sonda, mpira wa kulishia, puani. Akaing'oa, wakamfunga mikono kitandani kwa bendeji, na nilipouliza niliambiwa mtu wa namna hii hasikii maumivu. Anasikia. Anashindwa kusema. Niliyajua maumivu yake kwa paji la uso na kwa vidole vya miguu. Nikamfungua, nikampakia kwenye pikipiki, kati ya dereva na mimi, tukarudi. Kwa mtu ambaye ugonjwa wa kusahau umefika mwisho, mpira wa puani haujaonyesha kumwongezea maisha wala raha. Kinachosaidia ni mkono wa mtu na subira. Basi nikarudi kwenye kijiko cha mama. Maji matupu yalimpalia, lakini uji wa muhogo mzito kidogo ulishuka, akiwa ameketi wima, kidevu chini, kijiko kidogo, nami nikitazama koo lipande na kushuka kabla ya kingine. Chakula kimoja kilichukua saa nzima. Wamama wa ufukweni waligawana siku bila mimi kuwaomba. Huyu Jumanne, yule Alhamisi. Walisema amewafukuzia kunguru miaka mingi.

Kwa maumivu nilikuwa na parasetamoli na diklofenaki. Kampala, mwaka 1993, Dakta Anne Merriman alianzisha huduma ya kutunza wanaokaribia kufa, na huko mofini ya maji hutolewa nyumbani kwa mgonjwa, kwa kijiko. Uganda imeruhusu hata wauguzi waliofundishwa kuiandika. Nimefikiria mara nyingi kwamba kati ya Kampala na Baraka hakuna bahari. Kinshasa ina sheria ya Mei 2022 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, nimeisoma, ni nzuri. Chupa ile bado haijafika kwenye kituo changu.

Septemba 2017 vita vya waasi wa Yakutumba vilifika hadi milangoni pa Uvira. Watu walianza tena kuvuka. Mpwa wangu alikuja na nafasi mbili kwenye mtumbwi. Nilimwambia nina mtu mmoja wa kubeba na hawezi kubebwa. Hakuwa na kilo 40, si uzito niliomaanisha. Alikuwa amebakiwa na ukuta mmoja, harufu ya ndagala mlangoni na sauti yangu. Ningeondoa viwili, ningeondoka na nini? Nilikuwa nimevuka ziwa hilo na mama, nikarudi bila yeye. Mpwa wangu alilia, akaenda. Nilifunga mlango nikampikia uji.

Alikufa Novemba, kwa kifua, kama wengi wao wanavyokufa: chakula kidogo kilichoingia njia mbaya, homa, pumzi fupi. Siku tatu. Nilimlaza ubavu, nikamlowesha midomo kwa kitambaa, nikamvalisha kanzu ya marehemu baba. Mama wa Alhamisi alikuja ingawa ilikuwa Jumatatu, akaimba ule wimbo usio na maneno. Mwezi ulikuwa umekwisha, nje giza tupu, na kupitia mlango uliofunguliwa tuliona taa za mitumbwi zimejipanga ziwani mpaka upande wa Ubwari. Zilikuwa chache kuliko zamani, kwa sababu ya vita.

Alfajiri mitumbwi ilirudi. Mama yule alishuka ufukweni, akarudi na konzi tatu za ndagala kwenye sahani, akaziweka karibu na mkeka, upande wa mkono wake wa kulia. Hakuna aliyeziondoa mpaka tulipomtoa kwenda kuzikwa. Kisha nikazikaanga, na waliokuja matanga wakazila na bugali.